Mwongozo wa Kula Krismasi kwenye Maziwa na Milima, Yaani Kibingo

Kila Novemba familia nyingi za Mbezi na Tegeta jijini Dar hupatwa na homa ya aina moja. Mtoto ameona kwenye simu picha ya ziwa la bluu, nyuma yake mlima wenye theluji, mbele yake baba, mama, watoto na mbwa wanacheka pamoja. Mama anauliza hapo ni wapi. Mtoto anajibu kwamba ni Uswisi, na kwamba rafiki yake wa darasani amewahi kufika. Baba anakohoa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo baba, hasa kama kwao ni Kibingo, kule Kyerwa mkoani Kagera.

Anza na hesabu, maana hesabu humaliza ugomvi mapema. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ndiyo inayokuingiza Uswisi, ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa kati ya miaka 6 na 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo ni yuro 270, na hapo hujagusa tiketi ya ndege. Ukinyimwa, hela hairudi. Juu ya ada watataka taarifa ya benki, bima ya safari, barua ya mwajiri, na zaidi ya yote ushahidi kwamba ukishafika utarudi ulikotoka. Kibingo hawakuulizi kama utarudi ulikotoka. Wanakuuliza kwa nini mwaka jana hukuja.

Watoto hawatakubali kirahisi. Watasema Kibingo ni kijijini. Usibishane nao, waletee Mzungu. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Karagwe, ufalme wa huku kwetu, wakitafuta chanzo cha Mto Naili, wakapokewa na mfalme wake, Omukama Rumanyika, katika makao yake ya Bweranyange. Walipotazama chini wakaona ziwa dogo limelala katikati ya vilima vya majani. Wakaduwaa. Likawakumbusha ziwa la kwao kaskazini mwa England, lile ambalo familia za Kiingereza huenda kupumzika hadi leo, na Speke akaliita Little Windermere. Ziwa lilikuwa na jina lake, bila shaka, na watu walikuwa wakivua humo kabla hajazaliwa, lakini tumwache. Jambo la msingi kwa watoto ni hili: Mzungu alitembea miezi mingi kutoka pwani hadi Karagwe, alipofika akasema hapa ni kama kwetu. Nyinyi mnataka kupanda ndege kwenda kwao mkaseme kule ni kama kwetu? Si afadhali kukata njia?

Wakiendelea kununa, toa urefu wa milima. Mlima mrefu kuliko yote ya England ni Scafell Pike, uko jirani na Windermere hiyohiyo, na una mita 978. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mama anayeanika dagaa mchangani Bukoba ameshaupita mlima mrefu wa England, tena kwa kandambili. Ukitoka Bukoba kwenda Karagwe na Kyerwa unazidi kupanda. Uswisi, nakiri, hapo hatuigusi. Lakini mtoto aliyetishwa na takwimu moja ya kweli hatafuti ya pili.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu kazi hii ya kuandika miongozo. Mshairi William Wordsworth alizaliwa na kuishi kwenye maziwa hayo ya England, na mwaka 1810 akaandika mwongozo kuwaeleza watu uzuri wake. Watu wakasoma, wakaamini, wakaja. Mwaka 1844 yalipotoka mapendekezo ya kujenga reli hadi Windermere, Wordsworth huyohuyo akashika kalamu kuipinga, kwamba umati utaharibu utulivu. Reli ikafika 1847. Mimi naandika bila hofu hiyo. Reli haionyeshi dalili ya kufika Kyerwa, na barabara zetu za vumbi zinalinda utulivu wa kijiji kuliko shairi lolote.

Sasa safari. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,300, na Desemba kila Mhaya, Mnyambo na mkwe wao yuko stendi. Tiketi ikatwe Novemba. Wakala atakuambia basi ni jipya, lina kiyoyozi na chaja kwenye kila siti. Muamini kuhusu siti. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo ule utaratibu wa kulala njiani ukisubiri alfajiri umepungua, na badala yake mnaviringika moja kwa moja: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Kufikia Kahama watoto wameshauliza mara nyingi tumebakiza kiasi gani, na jirani wa siti ya nyuma ameshajua ukoo wenu, umri wa mkeo na kwamba shangazi yako aliolewa Nkwenda.

Kama mna nguvu, pitieni Bukoba. Barabara ya Muleba itawaonyesha ziwa lenyewe, kubwa, halina ng'ambo, na picha za Uswisi zitaanza kufanana na bwawa. Mtoto wa kwanza kusema "kumbe!" anunuliwe soda. Kutoka Bukoba mtapita Kyaka, kando ya Mto Kagera. Hapo muombe dereva apunguze sauti ya muziki, uwaambie watoto kwamba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la hapa, na vita ikaanzia huku. Watakusikiliza kwa dakika mbili. Zitumie vizuri.

Halafu Kayanga, halafu Omurushaka, halafu ndani. Usipoteze muda kumweleza mzee yeyote kwamba Kyerwa ni wilaya inayojitegemea tangu 2012. Kwake yeye umekuja Karagwe, na wewe ni mtoto wa Karagwe, basi.

Mkishashuka, funga kitabu cha utalii, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu likizo. Familia ya Ulaya ikienda ziwani hukodi nyumba, hupewa funguo, na haimjui mwenye nyumba hadi siku ya kulipa. Wewe nyumba yako ina bibi ndani. Bibi ameshagawa vitanda tangu wiki iliyopita: wewe na mkeo chumba cha mbele, watoto pamoja na binamu zao ambao hawajawahi kuwaona, na yule mtoto wako anayesema hawezi kulala na mtu atalala na watu wanne. Asubuhi ya pili hataki kutoka humo.

Jioni ya kwanza utaletewa kahawa. Usitoe kikombe. Ni buni kavu za kutafuna, zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikaanikwa, zimewekwa kwenye kikapu kidogo cha kufumwa. Chukua chache, tafuna taratibu, shukuru. Mtu aliyezoea kahawa ya mashine pale Masaki akiuliza maziwa yako wapi, atachekwa hadi Pasaka. Watoto nao wafundishwe shikamoo kabla ya kufika, na waiseme wenyewe, maana kila mzee atakayeingia uani atasimama mbele yao akisubiri. Niliwahi kuona mtoto wa Dar akimwambia bibi yake "mambo". Bibi akamjibu kwa upole kwamba mambo ni mengi, mjukuu wangu, kaa nikusimulie. Alikaa hadi saa nne usiku.

Mzunguko wa salamu una itifaki yake. Ukianza kwa baba mdogo kabla ya shangazi mkubwa, shangazi atajua kabla hujamaliza chai. Ukimpelekea huyu kilo mbili za sukari na yule kilo moja, mizani iko kijijini, inasoma. Nenda na mkeo au mumeo, na vaa viatu vya kutembea, kwa sababu "hapo karibu" ya Kibingo ina kilima katikati.

Kila nyumba watakuambia umenenepa. Wewe umetoka Dar ukilipia jimu, wao wanakusifu. Huku kunenepa ni habari njema, na si tangu jana. Katika ua wa Rumanyika wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa kutwa nzima wapate kujaa, na mmoja wao, shemeji yake Omukama, alikuwa mkubwa kiasi kwamba kusimama kulimpa tabu. Speke alikwenda kumsalimia akiwa na futi kamba. Akaomba ampime. Mama yule, kwa uvumilivu ambao sijui aliutoa wapi, akamruhusu baada ya mgeni kuahidi kwamba naye ataonyesha mikono na miguu yake myeupe. Mzungu akampima mkono, kifua, paja na kigimbi, vyote akaviandika, na mwaka 1863 akavitia kwenye kitabu alichokichapa. Kwa hiyo kanuni muhimu kuliko zote katika mwongozo huu: usimpime shemeji wa mwenyeji wako. Na ukimpima, usichape.

Wageni wale walikuwa na bahati nyingine. Krismasi ya 1861 iliwakuta Karagwe. Rumanyika, ambaye Ukristo haukumhusu, aliposikia kwamba siku hiyo Waingereza hula karamu, aliwapelekea ng'ombe. Usiusome mfano huu kwa pupa. Speke alikuwa mgeni. Wewe ni mtoto wa nyumbani, una kazi mjini, umeshuka na begi lenye magurudumu. Ng'ombe ni wako. Kama mwaka ulikuwa mbaya, mbuzi wawili watapokelewa, lakini hawatasifiwa.

Grant naye ana somo lake. Mguu wake uliota kidonda kibaya. Januari 1862 Speke alipoondoka kwenda Buganda, alimwacha kwa Rumanyika, akabaki akiuguzwa kwa miezi mitatu hivi, hadi Aprili alipobebwa kwa machela kumfuata mwenzake. Ndiyo likizo ndefu kuliko zote nilizosoma za Mzungu kwenye maziwa ya Karagwe, na hakulipia kitanda. Kwa hiyo mtoto akijikwaa siku ya kwanza usipige simu Dar. Kuna zahanati, kuna bibi, na kuna wapita njia wasiopungua sita wenye dawa.

Kwa upande wa vivutio, hamtakosa. Nenda Mtagata, kwenye chemchemi za maji moto za huku Kyerwa. Ulaya watu hulipa hela nyingi kukaa kwenye maji yanayofuka moshi na kuambiwa yanatibu viungo. Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alipofika Mtagata mwaka 1876 alikuta wagonjwa wameshajaa, wamekuja kutoka mbali, wanaoga. Hakuna aliyekuwa amemsubiri awafundishe. Mwaka huohuo, kwenye lile ziwa la Little Windermere, Stanley alifanya mashindano ya kupiga makasia baina ya mashua yake na mitumbwi ya wenyeji, Rumanyika akitazama. Mkifika ziwani msirudie hilo bila kuuliza kwanza habari za viboko na mamba. Na Mto Kagera si wa kuogelea, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

Hifadhi za Taifa pia zipo, na watu wengi wa Dar hawajui. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya huku yalipandishwa hadhi, tukapata Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Yule Omukama aliyewalisha wageni nyama ya Krismasi sasa ni jina la hifadhi. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Huo, kwa ufupi, ndio uwanja pekee Kagera ambapo kuwa mtoto wa nyumbani kunakupunguzia gharama.

Watoto wakilalamikia mtandao, wapeleke kwenye mwinuko wa upande wa mpakani. Simu ikinasa mnara wa Rwanda, saa hurudi nyuma kwa saa moja yenyewe, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa hiyo. Saa nne inakuwa saa tatu. Hakuna hoteli ya Uswisi inayoongeza muda wa likizo bure namna hiyo. Ila bando lako litaondoka kwa kasi isiyoelezeka, basi zima mapema.

Kwa picha za kuwaumiza majirani, amka saa kumi na mbili asubuhi, panda kilima, vaa sweta. Ukungu bado umelala mabondeni, mweupe, umetulia, na vilele vimechomoza juu yake. Mtu aliyeko Kimara hawezi kujua kwamba lile si ziwa. Hakikisha tu kamba ya nguo na choo cha jirani haviingii. Fanya haraka, ziwa hilo hukauka saa tatu.

Kama mmewahi kufika mwishoni mwa Novemba, basi mmebahatika, kwa sababu ni msimu wa senene na hapo hakuna ziwa la Ulaya linalofua dafu. Usiku, pale wanapokamata, wanasimamisha mabati yanayong'aa, wanafunga taa kali juu, na chini wanaweka mapipa. Senene huja wakifuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huanguka ndani kwa sauti ya mvua ya mawe. Asubuhi huletwa nyumbani kwenye kiroba kinachotikisika. Kazi ya kuchambua ni ya wote, pamoja na binti yako aliyekuja na kucha za saluni. Anashika kichwa kwa mkono mmoja, ananyofoa mabawa, halafu miguu, ile ya nyuma yenye miiba midogo inayokwaruza vidole, halafu anatupia kwenye beseni na kushika mwingine. Saa nzima inapita, beseni halijajaa, na vidole vimepata rangi na harufu isiyotoka kwa sabuni. Sufuriani hakuna haja ya mafuta, wana yao. Chumvi, kitunguu ukipenda, na kugeuza hadi wakauke na kulia. Siku ya kwanza binti atakimbilia nje. Siku ya pili ataonja mmoja, amefumba macho. Siku ya tatu utamkuta jikoni peke yake na bakuli, na hatakukaribisha.

Utalii wa kilimo, ambao Ulaya huuzwa kwa bei kubwa, huku hutolewa bure na bila kuombwa. Utapewa panga ukakate majani makavu ya migomba, utapewa jembe, utaonyeshwa mibuni inayohitaji kupaliliwa. Baba mdogo atasimama pembeni akikueleza bei ya kahawa, aliyekopa kwa dhamana ya mibuni yake, na aliyeipeleka kahawa yake kwa mlanguzi ng'ambo ya mpaka. Sikiliza. Hiyo kahawa ndiyo iliyokusomesha, na atakukumbusha.

Tarehe 27 kutakuwa na kikao cha familia. Kikao hakina ajenda, ila kina daftari na kalamu. Yataanza mazungumzo ya mpaka wa kibanja, kwamba yule jirani amesogeza mti. Yatapita kwenye kaburi la babu linalotakiwa kujengewa. Yataishia kwa mtoto wa marehemu kaka aliyefaulu kwenda kidato cha tano. Usivae saa ya gharama siku hiyo. Usisimulie gari jipya. Ukiulizwa kazi inaendaje, jibu sahihi ni "tunasukuma tu". Hata hivyo jina lako litaandikwa, na mbele yake kiasi, na kiasi hicho hukukitaja wewe. Usilie. Jumlisha, linganisha na zile yuro 270 ambazo ubalozi usingekurudishia, halafu toa. Huyo kijana angalau utamwona akimaliza shule.

Siku ya kuondoka ndizi zitakuwa zimekatwa tangu jana. Utasema basi halina nafasi. Watakusikiliza kwa heshima na kuongeza mkungu mwingine, maharage, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kifurushi cha senene kwa bosi wako. Konda ataitazama mizigo yenu kama mtu aliyeletewa mashtaka.

Basi fanya hivi. Unapokata tiketi ya kwenda mwezi Novemba, kata na ya kurudi siku hiyohiyo. Shule hufunguliwa Januari, na nafasi za kutoka Kayanga wiki ile ya kwanza huisha kabla ya Krismasi. Kila mkungu uandike jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika, na upange chini mikungu mibichi na juu iliyoanza kuiva. Na nauli ya mzigo unailipa wewe. Bibi ameshafanya ya kwake.